Nyasi vamizi zimemeza mbegu zangu za asili kwenye kifusi cha mgodi, nianzie wapi?

MamaKitalu

Habari zenu wadau. Jambo hili nimekaa nalo miezi minane. Nalileta hapa kwa sababu mbinu zimeniishia na mvua zinakaribia.

Nasimamia hekta 11 zilizokuwa mgodi wa wazi wa makaa ya mawe. Shimo lilifukiwa, miteremko ikasawazishwa kwa katapila, halafu ule udongo wa juu uliolundikwa pembeni kwa miaka sita ukarudishwa na kutandazwa, unene kama sentimita 20. Kabla ya mgodi palikuwa na miti iliyoachana, vichaka, na nyasi za mashada ambazo katikati yake yalitambaa maua madogo ya jamii ya kunde. Nayajua haya kwa sababu ng'ambo ya mfereji kimebaki kipande ambacho mashine hazikukigusa. Ndiko tulikochuma mbegu. Tulikuwa watu tisa, tunavua mashuke kwa mikono, tunaanika kivulini juu ya magunia, tunapepeta. Tukapata kilo 46, na kila kilo nilikuwa naijua ilikotoka.

Tulipanda miezi miwili baada ya kuchuma, mvua zilipoanza. Trekta lilipitisha haro (chuma cha kuvunjavunja udongo), tukamwaga mbolea ya nitrojeni kwa kuwa udongo ulionekana umechoka, tukarusha mbegu kwa mkono. Wiki ya sita nilipita na fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, nikaiweka chini mahali 40 tofauti, nikapata wastani wa miche 5 ya asili kwa kila fremu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nina furaha ambayo sijui niielezeje.

Mwezi wa tano nilirudi na fremu ileile na sikupata pa kuilaza. Imperata cylindrica imesimama hadi kifuani. Kwa asiyeifahamu: majani yamesimama wima, kingo zake zinachana ngozi, mshipa mweupe wa jani haukai katikati kabisa bali umesogea upande mmoja, na ikichanua inatoa manyoya meupe yanayopeperuka. Chini ya ardhi ina mashina meupe yanayotambaa, yenye ncha kali kama sindano. Niliwahi kung'oa kiazi pori nikakuta ncha hizo zimekitoboa upande huu zikatokea upande wa pili.

Tumefyeka mara mbili, zikarudi nene kuliko mwanzo. Kona moja iliungua kwa bahati mbaya na baada ya wiki chache ilikuwa nyeupe kwa maua. Upande wa juu wa mteremko pH (kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali imezidi) ni 5.4, upande wa chini 4.3. Chini kabisa kuna bwawa dogo ambamo vyura wamerudi wenyewe, na sitaki nifanye lolote litakalowafukuza.

Nilime upya eneo lote? Nipige dawa? Au nipande mbegu nyingine humohumo ndani ya nyasi? Naomba nisikie kwa waliowahi kupambana nazo.

---

JembeLaAlfajiri

Pole sana dada. Mimi kwenye shamba langu nilizimaliza kwa kulima tu. Lima kiangazi jua likiwa kali, mashina yatoke juu yakauke, baada ya wiki tatu lima tena, kisha tena. Ukilima mara moja ukaacha, umezizidishia. Ila langu lilikuwa tambarare, wewe una mteremko.

---

KifusiKijani

MamaKitalu, nimefanya kazi ya kurudisha mimea kwenye machimbo kwa miaka kumi na miwili, na Imperata nimekutana nayo kwenye maeneo matatu. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Mwenzangu hapo juu hajakosea, kulima kwa kurudia kunaiua. Lakini kila kipande cha shina kilichokatwa na haro kikibaki na kifundo kimoja na unyevu kidogo kinachipua mmea mzima. Haro uliyopitisha kabla ya kupanda ilifanya kazi hiyohiyo: ilikatakata mashina ikayasambaza. Na kwenye kifusi chenye mteremko huwezi kulima mara tatu ukabaki na udongo. Sentimita 20 ulizonazo ndizo mali yako yote, mvua mbili kubwa zitazishusha bwawani.

Sasa swali ambalo hukuliuliza: zilitoka wapi? Nakuomba ukumbuke lile lundo la udongo lilivyokuwa miaka yote sita. Juu yake kuliota nini? Mara nyingi lundo likikaa muda mrefu, mbegu za asili zilizo ndani zinakufa kwa joto na kukosa hewa, na ngozi ya juu inavamiwa na kile chenye nguvu. Halafu siku ya kutandaza, katapila linachukua ile ngozi na kuipanda hekta nzima kwa usawa ambao mkono wa mtu hauwezi. Udongo wa juu ni bora uhamishwe moja kwa moja kutoka panapochimbwa kwenda panapofukiwa. Ikishindikana lundo liwe fupi, likae muda mfupi, na magugu yake yauawe kabla halijaguswa. Kwako limeshapita, lakini wapo wanaosoma hapa na bado wana malundo.

Jambo la pili ni mbolea. Mimea ya asili ya mahali kama pale imezoea udongo maskini, inakua polepole na inajenga mizizi kwanza. Ukimwaga nitrojeni, anayekula ni yule mwenye mdomo mkubwa. Acha kabisa nitrojeni kwa sasa.

Kosa hili si lako peke yako. Marekani walipitisha sheria ya kurudisha ardhi ya migodi ya wazi mwaka 1977, na lengo lake lilikuwa jema: miteremko isiporomoke, maji yasichafuke. Kilichofuata, kampuni zikawa zinashindilia ardhi kwa mashine hadi inakuwa kama barabara, kisha zinapanda nyasi za haraka za kigeni kama Festuca arundinacea pamoja na Lespedeza cuneata ili ukaguzi ukute kijani. Miti iliyopandwa humo ilidumaa au ikafa, na maeneo makubwa ya milima ya Appalachia yakabaki nyasi tupu kwa miongo. Tangu 2004 kuna juhudi ya pamoja ya kubadili utaratibu: udongo wa kuotesha uachwe umelegea kwa kina kisichopungua mita 1.2, na nyasi za kufunika ziwe zile zisizonyang'anya miche mwanga na maji. Nasikitika kila nikiliona hili likirudiwa mahali pengine, kwa sababu jibu tayari lipo.

Sasa Imperata yenyewe. Ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kivuli. Haivumilii. Mbegu zake hazidumu ardhini miaka mingi, kwa hiyo huna benki ya mbegu ya kuiogopa. Adui ni yale mashina, na yanaishi kwa chakula kinachotoka kwenye majani. Kufyeka kunaiamsha ichipue upya. Moto ni mbaya zaidi, maana unaua washindani wake juu ya ardhi na yenyewe imejificha chini.

Inavyotakiwa ni kuilaza. Chukua ubao wa mita moja na kidogo, funga kamba ncha zote mbili, kamba ipite mabegani. Simama mbele ya nyasi, weka ubao juu yake, kanyaga kwa uzito wako wote, piga hatua, inua, weka tena. Fanya hivyo zikiwa zimefika mita moja au zaidi, siku moja baada ya mvua, zikiwa laini. Zikiwa fupi zinasimama tena. Shina lililolala halikatwi, kwa hiyo halipati ishara ya kuchipua kwa fujo, na yale yaliyolala yanaziba mwanga wa yaliyo chini yake. Pia nyasi zilizolala haziungui kwa mwali mrefu kama zilizosimama. Ufilipino wametumia njia hii kurudisha msitu kwenye vilima vilivyokuwa Imperata tupu.

Lakini kabla ya kukanyaga, pita uinamie. Panua nyasi kwa mikono. Nina hakika utakuta miche ya miti humo ndani, mifupi, ya manjano, imekata tamaa. Ndege na upepo huwa wanaleta. Kila mche uwekee mti wa alama mrefu kuliko nyasi na ung'oe Imperata kwa mkono kuuzunguka, nusu mita kila upande, pamoja na mashina yake. Miche hiyo ina mizizi tayari na imejichagulia mahali. Ina thamani kuliko utakayoitoa kwenye kitalu.

Nitarudi kwenye habari ya pH. Kwanza nichimbie shimo moja juu na moja chini, uniambie mashina yanaishia kina gani na chini yake kuna nini.

---

MpimaMbegu

Mimi niulize kuhusu zile kilo 46. Mlipima uotaji? Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, zikunje, weka mahali penye joto, hesabu zilizoota kila siku kwa wiki tatu. Kisha pima gramu 10 za mchanganyiko, tenganisha mbegu halisi na makapi, pima tena.

Nakuuliza kwa sababu nyasi nyingi za mashada, mfano Themeda triandra, mbegu yake ikiwa mbichi inalala miezi kadhaa, nyingine karibu mwaka, hata ukiipa maji na joto. Wewe ulipanda baada ya miezi miwili. Na jamii ya kunde wana ganda gumu lisilopitisha maji. Chemsha maji, yaepue motoni, mimina juu ya mbegu, ziache humo hadi asubuhi. Zilizovimba zipande, zisizovimba rudia.

Kuna mbegu nyingine zinaamshwa na moshi. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha hilo mwaka 1990, na 2004 wakemia wakaipata molekuli yenyewe ndani ya moshi. Kama kile kipande ng'ambo ya mfereji kimezoea kuungua, jaribu kufukiza trei moja ya mbegu na kuacha nyingine, ulinganishe.

---

MamaKitalu

Nimesoma yote mara mbili. Asanteni sana, kwa kweli.

KifusiKijani, lundo. Nimetafuta picha za zamani nikazikuta. Lundo lilikuwa refu kama nyumba ya ghorofa moja na juu yake lote ni Imperata, imechanua. Nilikuwepo siku linatandazwa. Nilisimama pale nikitazama na sikujua ninachokitazama.

MpimaMbegu, nilikuwa nimebakiza nusu kilo ya mchanganyiko. Gramu 10 zilitoa gramu 4 za mbegu halisi, zilizobaki ni makapi, mikia na vijiti. Katika mbegu 100 zimeota 35, na hizi sasa zimeshakaa ghalani zaidi ya miezi minane, kwa hiyo wakati napanda nadhani zilikuwa chache kuliko hizo. Hii inamaanisha nini kwa hesabu?

---

MpimaMbegu

Zidisha: 0.4 mara 0.35 ni 0.14. Katika kilo 46, mbegu hai ni kilo 6.4 tu. Gawanya kwa hekta 11, unapata gramu 585 kwa hekta. Kama gramu moja ina mbegu kama elfu moja, hizo ni mbegu 58 kwa mita ya mraba. Na porini mbegu hai inayofikia kuwa mche unaosimama huwa ni moja kati ya kumi, au pungufu.

Angalia ulichohesabu wiki ya sita: 5. Mbegu zako hazikukuangusha, na wala nyasi hazikuwa zimeanza kazi. Mbegu zilikuwa chache kwa eneo kubwa mno. Wanaorudisha nyanda za nyasi hulenga mbegu hai 400 hadi 600 kwa mita ya mraba. Mavuno yako ya kilo 46 yanatosha hekta moja na nusu, tena ukiyatumia vizuri: changanya na mchanga wenye unyevu ili zisipeperuke, zisifukiwe zaidi ya sentimita moja, na baada ya kurusha kanyagia ili zigusane na udongo.

---

MamaKitalu

Hekta moja na nusu. Inaniuma, kwa sababu wale wenzangu nane niliwaahidi kumi na moja. Lakini naelewa.

Mashimo nimechimba. Juu: mashina yanaishia sentimita 18, halafu tabaka gumu, nondo niliyoisukuma kwa mkono imegoma hapohapo. Chini: mashina sentimita 15, tabaka gumu, na kwenye kifusi kilichofukuliwa kuna madoa ya njano na kutu, na harufu kama ya kiberiti. Na miche ipo! Upande wa juu, karibu na mfereji, nimetia alama 63 asubuhi moja. Aina tatu nazifahamu, zipo ng'ambo. Nilikaa chini nikashindwa kuondoka.

---

KifusiKijani

Miche 63 asubuhi moja ni habari kubwa. Usiache hata siku moja bila mtu kuiangalia.

Harufu na yale madoa ni piraiti, madini ya chuma na salfa yanayokuwa kwenye miamba ya makaa. Yakipata hewa na maji yanatoa tindikali, na yataendelea kuitoa miaka mingi. Chini ya pH 5 aluminiamu inayeyuka kwenye maji ya udongo na kuunguza ncha za mizizi. Imperata inalivumilia hilo, mbegu zako nyingi hazitaweza. Usipande kitu pale chini mwaka huu. Tenga vipande vidogo vinne, tia chokaa ya kilimo viwango tofauti, kimoja kisipewe, pima baada ya miezi sita. Chokaa nyingi inahitajika kuliko shamba la kawaida kwa sababu hupingani na tindikali ya leo peke yake.

Juu, fuata mpangilio huu. Kwanza laza nyasi na kuzidhoofisha. Usipasue ardhi zikiwa hai. Zikishachoka, kiangazi udongo ukiwa mkavu, pitisha ripa (jino refu la chuma la kupasua ardhi) kwa kufuata kontua, yaani kukata mteremko kwa usawa, kina sentimita 60 au zaidi, mistari iachane mita mbili. Udongo mkavu unavunjika, uliolowa unachanika tu kama ugali na kujifunga tena. Kwenye mistari hiyo panda miti na vichaka vinavyotoa kivuli haraka, kwa visiwa vilivyosongamana, si kwa kutapanya mmoja mmoja. Kisiwa kinajifunika mapema, na ndege wanakitua na kukuletea mbegu usizozijua.

Bamburi, karibu na Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kwenye machimbo ya mawe ya saruji yaliyokuwa mwamba mtupu. Alijaribu aina 26 za miti na ni chache mno zilizopona, mvinje ukiwa mbele. Kisha majani ya mvinje yakawa hayaozi, akaleta majongoo wakayala na kutengeneza udongo. Wazo lake lilikuwa kusubiri kiumbe kimoja kimtengenezee kingine njia. Wewe umeanza na udongo tayari, na chanzo cha mbegu kiko ng'ambo ya mfereji.

---

MlinziWaVijito

Naomba niongeze la dawa kwa kuwa aliliuliza na hakujibiwa. Sipingi dawa, ila si hapo karibu na bwawa. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, inafanya kazi vizuri kwenye Imperata kwa sababu inashuka kutoka kwenye majani hadi kwenye mashina, mradi nyasi ziwe na majani mabichi mapya yaliyofika kama sentimita 30, msimu wa kukua ukielekea mwisho, pasiwe na mvua kwa masaa sita na maji ya kuchanganyia dawa yawe safi bila tope. Tope linaishika dawa na kuinyima nguvu. Tatizo ni kwamba baadhi ya mchanganyiko unaouzwa una sabuni inayosaidia dawa kushika jani, na sabuni hizo zinaua viluwiluwi. Acheni ukanda mpana juu ya bwawa ambao unalazwa kwa ubao na kung'olewa kwa mkono peke yake. Na palipopuliziwa parudiwe mwaka unaofuata, mara moja haimalizi.

---

JembeLaAlfajiri

Vipi kuhusu kupanda Mucuna, ile jamii ya kunde inayotambaa, izifunike? Niliona inafanya kazi mahali.

---

KifusiKijani

Inafanya kazi, inatambaa juu yake na kuinyima mwanga msimu mzima. Lakini itapanda pia juu ya ile miche 63. Na si ya asili pale. Ningeitumia upande usio na mche hata mmoja, na ningeikata kabla maganda hayajakomaa.

---

MamaKitalu

Nimeamua hivi. Nachukua hekta moja na nusu ya juu, ile inayopakana na mfereji. Mbao nne zimeshakatwa na kamba zimefungwa. Jana nilijaribu moja baada ya mvua ya usiku. Inachosha mapaja, lakini nyasi zililala zikabaki zimelala hadi jioni. Mbegu za msimu huu tunachuma na kuzihifadhi, hazitapandwa hadi zipite mwaka na kupimwa. Chini ni vipande vinne vya chokaa tu. Dawa sitaitumia msimu huu, nataka nione ubao unafika wapi kwanza.

Wale wenzangu nane nimewaambia ukweli kuhusu hekta 11. Mmoja aliuliza tu kama ile miche inahitaji maji kiangazi. Kuna anayejua? Niliyoifahamu ni ya kuangusha majani.

---

KifusiKijani

Iliyojiotea yenyewe usiimwagilie, mizizi yake imeshashuka kadiri ilivyoweza na ukiizoesha maji ya juu itarudi juu. Weka nyasi zilizong'olewa kama matandazo kuizunguka, ila kausha mashina kwanza juu ya mwamba au bati, wiki mbili za jua, yasije yakaota. Na fyeka njia ya kuzuia moto upande upepo unakotoka kabla kiangazi hakijakolea, upana mita sita angalau. Tuletee hesabu ya fremu.